Ribaundi Sabini na Mbili

Mwaka 1993 niliiba ribaundi sabini na mbili za rafiki yangu.

Niliziiba mchana kweupe, kwa kalamu ya bluu, mbele ya watu mia tatu. Wote walicheka, akiwemo niliyemwibia.

Kwa sababu ya wizi ule mtu alipoteza kazi. Mtu huyo hakuwa mimi.

Nyie vijana ambao mkiamka tu mnashika simu kuangalia fulani wa Marekani kafunga ngapi, kadaka ngapi, katoa pasi ngapi, someni taratibu. Nitaandika kama ilivyokuwa. Anayetaka kunitukana anitukane akishamaliza kusoma, sitajibu.

Naitwa Jabiri, Mzaramo wa Kimbiji. Enzi hizo nilikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda kimoja cha vyombo vya bati pale Chang'ombe. Tulitengeneza ndoo, karai, mabeseni na sufuria.

Kiwanda kilikuwa cha umma na kilikuwa na timu ya mpira wa kikapu. Mashirika ya umma zamani yalikuwa yanamwajiri mtu kwa sababu ya mpira. Kwenye barua yake ya ajira imeandikwa "mpakiaji", lakini hata mlinzi wa getini anajua huyu kaletwa kucheza.

Mmoja wao alikuwa Benedikto, Mnyamwezi wa Tabora.

Huyo bwana alikuwa mrefu mpaka kero. Kila mlango wa kiwanda ulikuwa umeshamgonga kichwa angalau mara moja. Walimleta mwaka 1986 kwa kazi moja tu: mpira ukigonga ubao au ringi ukarudi, audake yeye kabla ya mtu mwingine. Hiyo ndiyo ribaundi. Kufunga hakujua sana, kukimbia hakujua kabisa, lakini mpira ukiwa hewani ulikuwa mali yake.

Mimi sikuwa na urefu wala pumzi. Nilikuwa na daftari.

Hakuna aliyenituma. Nilipenda kuhesabu tu. Kila mechi nilikaa kwenye kibenchi pembeni ya mstari, daftari gumu magotini, nachora vijiti. Pointi, ribaundi, pasi za kufungisha, faulo, mitupo huru iliyoingia na iliyokosa. Wachezaji kumi na wawili, jezi namba nne mpaka kumi na tano, kila mmoja na mstari wake. Mwisho wa mstari kulikuwa na safu ya "Maoni".

Kila Jumatatu nilinakili ukurasa na kuubandika kwenye ubao wa matangazo karibu na kantini. Wafanyakazi walikuwa wanausoma kabla ya kunywa chai.

Sasa kwa asiyejua: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Tangu mababu. Wao walikuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani, wakipita kwetu. Kwa hiyo mtani wako unaweza kumtukana, kumnyang'anya chakula mkononi, kumchukulia kofia ukaondoka nayo. Haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, yeye ndiye mwenye kosa.

Mie na Benedikto tulikuwa hatuamkiani kama binadamu.

"We mpagazi, umefika? Mzigo umeuacha wapi?"

"Nimeuacha kwenu, Mzaramo. Ila mmelala, ngoma imewachosha."

Hiyo ndiyo ilikuwa habari za asubuhi.

Mechi ya kwanza ya msimu wa 1993 alidaka ribaundi kumi na mbili. Nikaandika nane. Kwenye Maoni nikaandika: "Nne zimekatwa. Ushuru wa kupita Uzaramo."

Jumatatu kantini ilivunjika mbavu. Mama mmoja wa idara ya rangi alicheka mpaka akakaa chini.

Benedikto alisoma, akainama kwangu akasema, "Babu yangu alilipa ushuru huo huo. Mwizi haachi asili."

Basi ikawa desturi. Kila mechi, ribaundi nne za Benedikto zinakatwa. Mechi kumi na nane msimu mzima, nne kila mechi. Pigeni hesabu wenyewe.

Pointi sikuwahi kumgusa, na ninyi mnaojua mpira mnajua kwa nini. Pointi za wachezaji lazima zijumlishwe zilingane na za timu kwenye fomu ya waamuzi. Ukiiba moja, hesabu inakataa. Ribaundi hailingani na kitu chochote. Haina shahidi zaidi ya aliyeandika.

Na Maoni yangu juu ya Benedikto, jezi namba 11, yalizidi kuwa ya ovyo. "Jezi namba 11 alisinzia kama gunia la chumvi." "Namba 11 arudishwe Tabora kwa mguu."

Mechi ya mwisho tulicheza na timu ya Magomeni. Tulishinda 58 kwa 56. Dakika ya mwisho wale jamaa walitupa mara tatu, ikakosa mara tatu, na mara zote tatu mkono uliotokea juu ya mikono mingine ulikuwa wa Benedikto. Siku hiyo alidaka kumi na tisa. Alifunga pointi nne tu, lakini uwanja mzima ulijua nani kashinda ile mechi.

Niliandika kumi na tano. Maoni: "Mvivu. Hafai hata kubeba maji."

Alinibeba mabegani akazunguka nami uwanja. Huo ndio ulikuwa msimu wetu bora: mechi kumi na tatu tumeshinda, tano tumefungwa, wastani wa pointi sitini na moja kwa mechi. Vyote vilikuwa kwenye daftari langu.

Mwaka uliofuata kiwanda kikabinafsishwa.

Meneja mpya alitoka nje ya nchi. Kiswahili chake kilikuwa "jambo" na "asante", basi. Alipenda namba kuliko chakula. Haikupita wiki watu wakampa jina la Bwana Wastani.

Aliita mkutano uwanjani. Pembeni yake alisimama Zahabiya, katibu wake, dada wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa mjini, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Meneja anasema, Zahabiya anageuza.

"Wafanyakazi watapunguzwa," Zahabiya alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Timu ya kikapu itabaki, inatangaza jina la kiwanda. Lakini wachezaji watakaobaki na ajira ni sita. Meneja anasema yeye hamjui mtu yeyote hapa. Hatachagua kwa sura wala kwa undugu. Atachagua kwa namba."

Mtanishangaa, lakini tulipiga makofi. Tulikuwa tumechoka na undugu. Tuliona angalau sasa haki imekuja.

"Nani anaandika namba za timu?" Zahabiya akauliza.

Nilisimama kifua mbele. Kwa mara ya kwanza maishani mtu mkubwa alitaka kitu changu. Nikaenda mbele nikampa daftari kwa mikono miwili, na meneja akanipa mkono.

Saa moja baadaye nipo kantini, kikombe mdomoni, Benedikto akaketi mbele yangu.

"We Mzaramo," akasema, "umekumbuka kunirudishia ushuru wangu kabla hujatoa lile daftari?"

Alikuwa anatania. Alikuwa anacheka.

Nikaweka kikombe chini.

"Wataelewa tu," nikamwambia. "Si imeandikwa pale kwamba ni ushuru? Kiwanda kizima kinajua."

"Kinajua," akasema. Lakini hakucheka tena, akamaliza chai yake akaondoka.

Ijumaa orodha ikabandikwa. Ubao ule ule wa kantini.

Bwana Wastani alikuwa amechukua pointi, ribaundi na pasi za kila mchezaji kwa mechi, akazijumlisha. Wa sita alikuwa Talha, mfungaji wetu wa pembeni, kijana mzuri tu. Talha alikuwa na kumi na nne.

Benedikto alikuwa wa saba. Kumi na tatu.

Ongezeni zile nne zangu. Kumi na saba. Angekuwa wa tatu.

Nilisimama mbele ya ubao. Watu walikuwa wengi pale, na kila aliyesoma aligeuka akaniangalia, kisha akaangalia chini. Mama wa idara ya rangi alikuwepo. Talha alikuwepo. Kocha wetu Gozbert, ambaye alikuwa akizikariri ribaundi za Benedikto kama sala, naye alikuwepo.

Hakuna aliyesema neno.

Nawaelewa. Orodha ya wafanyakazi wengine ilikuwa haijatoka. Nani angenyanyua mdomo kumtetea mpakiaji mmoja wakati jina lake mwenyewe liko juu ya meza ya meneja? Talha naye ana mke na watoto. Watu mia tatu walijua ukweli, na wote walikaa kimya kwa wakati mmoja. Tangu siku hiyo sishangai nikisikia jambo la wazi limeshindikana.

Jumanne nikaamua. Vijiti vya kweli nilikuwa navyo kwenye daftari dogo la rafu, kila mechi, kabla ya kukata. Ningemwonyesha meneja, yaishe.

Nilifika mpaka mlangoni kwake. Zahabiya alikuwa mezani kwake, akaniona na daftari mkononi.

"Yupo. Ingia," akasema.

Ukutani pembeni ya mlango kulikuwa na tangazo jipya, wino bado unang'aa. Nililisoma: "Mfanyakazi atakayebainika kughushi kumbukumbu za kiwanda atafukuzwa mara moja."

Nikalisoma tena.

"Ingia Jabiri," Zahabiya akasema, sasa kama ananisukuma. "Hana mtu."

"Nitarudi," nikamwambia.

Sikurudi.

Nisemeje? Niliogopa. Mama yangu alikuwa Kimbiji ananitegemea, lakini sitaki kumsingizia mama. Niliogopa kwa ajili yangu.

Jioni hiyo nikaenda kwa Benedikto, kwenye nyumba za kiwanda. Mkewe Lulu alikuwa anafunga vyombo kwenye shuka, maana asiye na ajira hana chumba. Alinipa kigoda, hakunisalimu.

"Nimeenda kwa meneja," nikamwambia Benedikto. "Nimemweleza yote. Kakataa."

Akanigeukia.

"Umeenda?"

"Nimeenda."

"Basi ahsante, mtani," akasema. "Umefanya ya kwako."

Hakuuliza zaidi. Nikashukuru kimoyomoyo kwamba kaniamini.

Wiki ile akaondoka. Mtu mwenye miaka thelathini na mitatu, goti moja bovu, ufundi wake ni kudaka mpira. Timu nyingine za mashirika nazo zilikuwa zinavunjwa moja baada ya nyingine. Nilisikia anabeba viroba soko la Tandika. Baadaye nikasikia yuko Kunduchi anaponda kokoto. Nilikuwa nakusudia kwenda kumwona kila mwezi, na kila mwezi nikapata sababu.

Mie nilibaki. Na si kubaki tu, nilipandishwa. Nikawa mkuu wa kumbukumbu, kwa sababu, eti, takwimu zangu zilionekana makini.

Timu bila Benedikto mnataka kujua? Msimu wa 1994 mechi kumi na nane, tukashinda nne. Wapinzani walikuwa wanakosa, wanadaka wenyewe, wanatupa tena. Niliandika yote, kwa usahihi kabisa, bila Maoni. Mwaka uliofuata Bwana Wastani akaifuta timu yote na Talha naye akaondoka.

Mwaka 1997 kiwanda kikafungwa. Mabeseni ya plastiki kutoka nje yalikuwa yamejaa kila duka, nani angenunua la bati?

Siku ya mwisho Zahabiya alikuwa anagawa mafaili ya watu. Aliponifikia mimi, akatoa karatasi moja ndani ya faili langu akaiweka juu.

"Hii hukuwahi kuiona," akasema. "Nimeona vibaya uondoke bila kuisoma."

Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, herufi kubwa kubwa, za mtu asiyeandika mara kwa mara.

"Mimi Benedikto, namba 11, nathibitisha kwamba takwimu zote zilizoandikwa na karani Jabiri ni za kweli."

Saini. Tarehe: Jumatatu. Siku moja kabla sijafika pale mlangoni.

"Maana yake nini?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeanza kuelewa.

"Mie nilimwambia meneja," Zahabiya akasema. "Jumatatu ile. Nikamwambia namba za Benedikto zina utani ndani. Akaniuliza utani ni nini. Nimemweleza karibu nusu saa, Jabiri. Mwisho akasema, kwa hiyo karani kadanganya? Nikasema hapana, hajadanganya, katania. Akasema kwao hayo ni kitu kimoja."

"Halafu?"

"Akamwita Benedikto. Akamuuliza, namba hizi kweli au uongo? Kama ni uongo, wewe unabaki, karani anafukuzwa kwa kughushi. Kama ni kweli, karani anabaki, wewe unaondoka. Benedikto akaniambia nimuulize bosi kama hakuna njia ya tatu. Bosi akasema hakuna. Akaomba kalamu."

Niliisoma ile karatasi tena.

"Tangazo lile aliliandikisha jioni hiyo hiyo," akaongeza. "Na kesho yake ukaja. Nilikuambia ingia mara mbili."

"Nilikuwa naogopa, dada."

"Najua. Na yeye alikuwa anaogopa."

Kumbe jioni ile niliyokwenda kumdanganya, mwenzangu alikuwa ameshanilipia. Alijua sikuingia, maana ningeingia nikakiri ningefukuzwa siku hiyo hiyo. Alijua nasema uongo nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha mkewe. Na akanishukuru.

Kesho yake nikaenda Kunduchi.

Nilimpata kwenye machimbo, amekaa juu ya tairi bovu, nyundo mkononi, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Ule urefu wote ulikuwa umejikunja. Lundo la kokoto mbele yake lilikuwa dogo.

Nilikuwa nimejipanga njia nzima. Nikajiambia nitaanza kama zamani, ule utani utanisaidia kufungua mdomo.

"We mpagazi!" nikapiga kelele. "Kumbe bado hujafika Tabora?"

Alinyanyua kichwa. Akanitambua. Akaweka nyundo chini, akasimama polepole kwa sababu ya goti, akajifuta mkono kwenye suruali.

"Karibu, ndugu Jabiri," akasema. "Habari za nyumbani?"

Jamani. Anayejua utani atanielewa. Mtani wangu aliniamkia kwa adabu.

Akanipisha kwenye lile tairi, yeye akakaa juu ya jiwe. Akauliza habari za mama. Akanipa pole ya kiwanda kufungwa. Akasema Lulu amerudi kwao mwaka jana, hawezi kumlaumu.

Nikamjaribu tena. "Unanyoa wapi siku hizi, kwenye mashine ya kukoboa?"

"Nanyoa hapa hapa kwa jirani," akajibu. Kama nimemuuliza njia.

Nikashindwa. Nikatoa ile karatasi. "Kwa nini ulisaini?"

Aliitazama bila kuishika.

"Ningesemaje? Nisimame mbele ya mgeni niseme mtani wangu mwongo? Ukimpeleka mtani ofisini, huo si utani tena, hiyo ni kesi. Nikaona mmoja abaki."

"Na mimi nilikudanganya jioni ile."

"Nilijua."

"Nisamehe, Benedikto."

"Nilishasamehe siku nyingi," akasema, na naamini alisema kweli, na hakuna msamaha ulionikata kama ule. "Ila nakuomba, ndugu yangu, usinitanie tena. Utani unataka mtu mwenye kitu cha kuibiwa. Mie sina."

Nilimpa hela niliyokuwa nayo, akaikataa kwa upole. Nilimwambia twende kwangu Temeke, tutajua la kufanya. Akasema ana lori linakuja saa tisa kuchukua kokoto, na lundo halijatosha.

Alinisindikiza mpaka barabarani, anachechemea. Miaka yote niliyomjua, nikiwa naondoka alikuwa ananiambia "gari likutupe mtaroni" au "ukifika kwenu usirudi". Siku hiyo alinipa mkono.

"Safari njema, ndugu Jabiri," akasema.

Alifariki mwaka 1999, nikapata habari akiwa ameshazikwa miezi miwili. Wanyamwezi wakifiwa huwaita watani wao waje wafanye vituko msibani, watu wacheke kidogo. Mimi hawakuniita.

Kwa hiyo nyie mnaopenda namba, nawaachia hili. Namba ya mtu ikishatoka mikononi mwenu, inakwenda kusomwa na mtu asiyemjua wala asiyempenda. Andikeni kile alichofanya, basi. Na ukiona umekosea, ingia ule mlango siku hiyo hiyo, maana kesho yake kuna mwenzako atakuwa ameshasaini kwa ajili yako.

Na mtani wako akikutukana leo asubuhi, mshukuru Mungu. Mie wangu alinitakia safari njema.